Salama, Ila

Wiki tatu zilizopita, saa tano usiku, mchoraji wangu alinitumia ukurasa wa tatu wa kitabu chetu cha vibonzo. Mwanaidi yupo uani anapara samaki, kama tulivyokubaliana. Kuku wapo. Mnazi ulioinama upo, na kivuli chake kimeangukia pale pale nilipotaka. Mlangoni amesimama kijana na baiskeli. Ana mikono, ana shati, mguu mmoja bado uko kwenye pedeli.

Uso hana.

Nilidhani simu yangu imegoma kufungua picha. Nikaikuza, nikaifunga, nikaifungua tena. Palepale penye macho na pua palikuwa na karatasi tupu.

"Dada, huyu wa mlangoni mbona hana uso?"

"Hujanipa," akajibu. "Mwanaidi umenieleza kurasa nne nzima, mpaka kovu la kisigino. Huyu umeandika: kijana anafika, anatoa habari. Nimechora ulichoandika, kaka."

Habari yenyewe ni kwamba jahazi la kaka yake Mwanaidi halijarudi. Bila habari hiyo hakuna kitabu. Binti angemaliza kupara samaki wake, wakaliwa, tukafunga. Hadithi nzima ya kurasa 48 inaning'inia kwenye ulimi wa kijana ambaye sikuwahi kujiuliza amekula nini asubuhi.

Nikalala vibaya.

Bomba

Nikiri kwamba nilijifunza kuandika kwa kufuata ramani. Waliopita kwenye warsha za uandishi wanaijua: shujaa yuko kwao, siku zinakwenda, mara anatokea mtu au kitu kinachomwambia kwamba leo haitakuwa kama jana. Warsha yangu ilimwita mleta wito. Mimi namwita mpiga mbiu, maana la mgambo likilia kuna jambo, na hilo tulilijua kabla hatujaletewa ramani.

Joseph Campbell, ambaye kitabu chake cha mwaka 1949 ndicho kilichoisambaza ramani hiyo, alimwonyesha mpiga mbiu kwa kisa cha chura. Binti mfalme anachezea mpira wake wa dhahabu, mpira unatumbukia majini, chura anachomoza kichwa na kumwuliza analia nini. Campbell akaongeza kwamba mleta wito mara nyingi ni kiumbe cha kuchukiza au kutisha, ambacho dunia imekwisha kukihukumu. Mtoto yeyote aliyelala nyumba ya bibi angemalizia sentensi hiyo mwenyewe. Sisi chura hatuna ugomvi naye. Tuna bundi. Maskini bundi amefuata panya darini, sisi tunamrushia mawe kwa habari ambayo hata hajaitoa.

Kabla ya Campbell, mwaka 1928, Mrusi Vladimir Propp alikuwa amezifumua ngano za kwao kama fundi anavyofumua koti, akakuta matendo 31 na nafasi 7 za wahusika. Yumo adui, yumo msaidizi, yumo anayemtuma shujaa safarini. Mleta habari hana kiti chake. Kupashana habari Propp alikuweka kando, kama kitu cha kuunganishia tendo moja na jingine.

Gundi, kwa maneno mengine.

Hivyo ndivyo nilivyomwandika kijana wangu. Au tuseme bomba: unafungua, habari inatoka, unafunga, unaondoka na ndoo yako. Na wenye ramani wanakuruhusu. Wanasema mpiga mbiu si lazima awe mtu, yaweza kuwa barua, simu, tufani, hata ndoto. Wanasema ni kama kofia, anaivaa yeyote aliye karibu.

Wiki ya kwanza nilijitetea kwa hoja hiyo hiyo. Nilikaribia kabisa kumwandikia mchoraji amfute kijana, aweke simu inayoita juu ya kinu, Mwanaidi aipokee kwa mkono wenye magamba. Picha nzuri. Rahisi pia, maana simu haidai uso.

Sikumwandikia. Kila nilipoanza niliona miguu yangu mwenyewe, ya utotoni, imevaa kandambili mbili zisizofanana.

Kutoka ya 15 hadi ya 4

Tanga, Ngamiani. Aliyefika anajua kwamba barabara zetu zina namba, kwa hiyo mtoto wa Ngamiani hapotei, anahesabu tu. Sisi tulikaa barabara ya 15. Baba alikuwa seremala, karakana yake ilikuwa barabara ya 4. Nilikuwa darasa la tano. Bibi, mama yake baba, alikuwa amelala chumba cha mbele siku ya sita.

Saa nne asubuhi shangazi alitoka nyuma ya pazia, akalirudishia kwa mkono wa nyuma bila kugeuka, akanishika bega.

"Nenda kamwite baba yako. Mwambie bibi anamwita. Usiongeze neno."

Mimi nilikuwa nimesikia. Pazia la khanga halifichi kitu. Nilikuwa nimesikia pumzi ikikatika, nimesikia wanawake wawili wakianza kulia na mmoja akiwanyamazisha kwa kuwapiga mapajani. Nilijua bibi hamwiti mtu tena.

Niliondoka mbio. Barabara ya 14, ya 13, ya 12. Kwenye ya 11 nikaanza kutembea. Kwenye ya 9 palikuwa na watoto wanacheza gololi, nikasimama. Nikautazama mchezo mpaka ukaisha. Mmoja akaniambia ingia, nikakataa, na bado nikaendelea kusimama.

Hilo la gololi sijawahi kumwambia mtu. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa.

Sikuwa namwogopa baba, hakuwa mkali. Nilichokuwa nakiona, ingawa sikuwa na maneno yake, ni kwamba katika mji mzima wa Tanga kulikuwa na mtu mmoja ambaye mama yake bado yu hai. Uhai huo ulikuwa umebaki mikononi mwangu. Nikifika, ndio mwisho wake.

Nikafika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Kisha nikasema, "Ila bibi anakuita."

Hakunitazama usoni. Aliitazama miguu yangu. Kulia nilikuwa nimevaa kandambili yangu ya mikanda ya bluu, kushoto ya shangazi, nyekundu, kubwa. Baba akailaza randa kwa ubavu ili makali yake yasiguse kitu, akakung'uta maranda magotini, akanishika mkono. Hakuuliza neno. Tulirudi tukizihesabu barabara kwenda juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ni yeye aliyekuwa anatembea polepole.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza alijuaje. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia habari ya kandambili.

"Mama hakuwahi kuniita kazini," akasema. "Hata alipovunjika mkono alisubiri nirudi."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Maana yake shangazi alijua. Aliyachagua maneno ambayo baba angeyafumbua papo hapo, lakini akampa nafasi ya kutoyafumbua kwa sauti. Hakuna aliyedanganywa pale. Baba alipewa barabara 11 za kwenda akijua bila ya kuwa ameambiwa.

Herufi tatu

Sisi tunasalimiana kwa kudaiana habari. Habari za asubuhi, habari za kazi, habari za watoto, habari za tangu juzi. Kila anayetoka mahali anapokewa kama mjumbe. Na jibu ni moja. Unaweza kuwa unatoka makaburini na udongo uko kwenye viatu: nzuri, njema, salama. Wanaojifunza Kiswahili ukubwani hushangazwa sana na jambo hili, wengine huliona kama unafiki. Mwenye lugha anajua kungoja. Anayejibu bado hajamaliza.

Salama, ila.

Nzuri tu, ila mzee ametutoka. Njema, ila nyumba imeungua. Ramani za hadithi zinahangaika kutafuta mahali dunia ya kawaida inapopasuka, zinapapangia mpaka namba ya ukurasa. Kwetu mahali hapo pana neno lake, lina herufi tatu, na mtoto wa darasa la tano anaweza kulitumia bila kufundishwa.

Tumewahi kuwa na wapiga mbiu wasio na uso, sikatai. Waliokua na redio ya taifa wanakumbuka matangazo ya vifo: sauti moja isiyopanda wala kushuka, majina, vijiji, wilaya, na yale maneno, habari ziwafikie. Nyumbani kwetu kijiko kilibaki hewani. Mtangazaji hakumjua marehemu wala wafiwa, na pengine ndiyo maana aliweza kusoma yote yale na jioni akaenda kula. Siku hizi ni neno TANZIA kwa herufi kubwa kwenye kundi la ukoo, linakukuta umesimama kwenye foleni ya daladala. Hakuna aliyekuuliza kama umekaa. Hakuna ila.

Mjomba wa Maskati

Hapa ndipo nilipotaka kumalizia makala haya. Aya moja tamu kuhusu hekima ya wazee wetu, ahsanteni kwa kusoma. Kwa bahati mbaya nina mjomba.

Mjomba wangu alifanya kazi Maskati miaka mingi. Mama yake alifariki Alhamisi alfajiri, na kama ilivyo ada yetu, hakuchelewa kuzikwa; kabla ya laasiri alikuwa ameshalazwa. Ukoo ukakaa, ukaamua mjomba asiambiwe kwa simu. Mama yangu mdogo ndiye aliyepewa kazi ya kupiga. "Kaka, mama hajisikii vizuri. Ukipata nafasi, njoo."

Akakopa nauli. Akafika Jumamosi na begi la dawa, mafuta ya kuchulia miguu, na shali ya sufi maana mama yake alikuwa analalamikia baridi. Uwanja wa ndege alipokewa na watu wanne ambao njia nzima walizungumzia bei ya petroli. Gari lilipokata kona ya nyumbani akaona turubai, akaona majamvi.

Hakushuka. Alikaa ndani ya gari, begi la dawa mapajani, mpaka magharibi.

"Siku mbili," alisema baadaye, na hakuwa anasema kwa sauti kubwa. "Siku mbili mmeniacha namwombea marehemu apone. Ningeambiwa, ningemswalia ghaibu kule kule na wenzangu."

Na mjomba hakusema na mama mdogo karibu mwaka mzima. Mjumbe hauawi, tunasema. Lakini methali haitungwi kukataza jambo lisilotendeka.

Basi niambieni. Bibi anakuita, mama hajisikii vizuri. Maneno ni yale yale, huruma ni ile ile, ukoo ule ule wa watu wenye nia njema. Moja lilimpa mtu njia ya kwenda nayo polepole, la pili lilimwibia. Hili ndilo lililonisumbua wiki ya pili yote, kiasi kwamba nilianza kuhisi kitabu cha Mwanaidi kimenishinda. Kama sijui kwa nini ujumbe ule ule ni rehema kwa huyu na dhuluma kwa yule, nina haki gani ya kumtuma kijana mlangoni kwa binti wa watu?

Jibu nilipata nikiwa naosha vyombo, na lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia.

Simu haina kandambili.

Baba aliletewa fumbo, lakini aliletewa na ufunguo wake: mtoto anayehema, aliyetoka nyumbani hajui amevaa nini, amesimama mbele yake. Mjomba aliletewa fumbo tupu. Sauti ya dada yake ilikuwa imefanyiwa mazoezi. Habari iliyofunikwa inahitaji mwili wa kusomwa. Ukiondoa mwili, kinachobaki ni uongo, hata kama kila aliyeshiriki alikuwa analia alipoutunga. Na mimi nilikuwa nimetaka kuweka simu juu ya kinu.

Mzee kutoka Korintho

Mchoraji alikuwa ameanza kunisukuma. "Tumpe jina basi tumalize?"

Ilikuwa wazo. Ukimpa mtu jina anaanza kuonekana. Lakini nikakumbuka wajumbe wawili ambao hawana jina na huwezi kuwasahau.

Wa kwanza nimemjua tangu madrasa, ni hudihudi. Nabii Suleimani anakagua ndege, hamwoni, anaapa kumwadhibu vikali au kumchinja asipoleta sababu ya maana. Hudihudi anafika amechelewa, na badala ya kuomba radhi anamwambia mfalme kwamba amejua jambo ambalo mfalme halijui: ametoka Sabaa, na habari zake ni za hakika. Hebu utazame ujasiri wa kidege kile! Ana hofu ya kisu na ana kiburi cha kujua, vyote viwili ndani ya mwili mdogo vile. Suleimani naye hamwamini moja kwa moja, anampa barua aipeleke, ili ionekane kama ni mkweli. Mpiga mbiu anawekwa kwenye mizani.

Wa pili ni mzee wa Korintho kwenye tamthilia ya Mgiriki Sofokile juu ya mfalme Edipode, ambayo Samuel Mushi aliitia katika Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mji wa Thebe una tauni, mfalme anatafuta mwenye dhambi, na katikati ya joto hilo anaingia mzee mmoja kutoka Korintho na furaha yake. Anasema mfalme wa kwao, Polibo, amefariki, na watu wanataka Edipode akatawale. Hafichi kwamba anatarajia bakshishi. Anapoona Edipode bado anaogopa ule utabiri kwamba atamwoa mama yake, mzee anataka kumsaidia. Anamtuliza: usihofu, bwana, wale hawakuwa wazazi wako. Mimi mwenyewe nilikupokea ukiwa mtoto mchanga kutoka kwa mchungaji mmoja.

Kwa wema wake anambomolea nyumba nzima: mke wa Edipode ndiye mama yake.

Nilisoma onyesho hilo mara tatu usiku mmoja. Mzee yule hana jina, hana kovu la kisigino. Kovu la miguu analo Edipode, na ni mzee anayelikumbusha. Lakini anataka kitu, anaogopa kukikosa, na habari anayoileta inamhusu yeye mwenyewe. Alikuwemo tangu mwanzo. Alidhani anabeba zawadi.

Hapo nikajua kosa langu halikuwa la jina wala la uso. Kijana wangu wa baiskeli alikuwa ametumwa na mimi, mwandishi. Ndani ya hadithi hakuna aliyemtuma, hakuna alichoogopa, hakuna alichotaka. Angefika mlangoni kwa wakati wowote ambao ungenifaa.

Nikamwandikia mchoraji: "Usimpe jina bado."

"Kaka, wewe unanitesa."

Mshenga haendi nyumbani

Kuna jambo jingine ambalo ramani inalikosea, au tuseme inaliona kwa jicho la watu wengine. Kwenye ramani mpiga mbiu akishapiga mbiu anaondoka. Chura wa Campbell ana bahati, anabaki mpaka anageuka mwanamume. Wengi hutolewa nje kwenye ukurasa wa 12.

Mfikirie mshenga. Naye ni mpiga mbiu, na habari zake ni za heri: anaingia nyumba ya watu na kuwaambia kwamba kuanzia leo binti yao ataanza kuondoka. Hasemi hivyo, bila shaka. Anasema tulikuwa tunapita njia tukaona ua kwenye bustani yenu. Anatozwa faini ya kukaa kabla hajakaribishwa, faini ya kuvaa kofia, faini ya kukosea jina la babu, na analipa akicheka kwa sababu kupigwapigwa kule ni sehemu ya kazi yake. Lakini mwulize mshenga yeyote kazi inakwisha lini. Ndoa ikitetereka mwaka wa saba, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Aliyelileta neno anabaki nalo. Nina rafiki alikuwa mshenga mara moja tu, na hadi leo akiona namba ya yule bwana kwenye simu anakaa kwanza kabla ya kupokea.

Halafu yuko Kinjikitile, na huyu ananitisha.

Mwaka 1904, Ngarambe, ikasemwa kwamba Kinjikitile Ngwale amechukuliwa na pepo Hongo, akazama majini na akatoka hai. Akaleta neno: watu ni wamoja, na kuna maji yatakayozizuia risasi za Wajerumani. Watu wakaanza kwenda Ngarambe, na neno likapita kwa kunong'onezana, kijiji hadi kijiji, mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Julai 1905 pamba ikang'olewa Nandete, Umatumbi. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Mohoro. Vita ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Iliendelea hadi 1907 bila yeye.

Ebrahim Hussein alipomwandikia tamthilia mwaka 1969 alimpa kitu ambacho sikukielewa nilipoisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Kinjeketile wake analitilia shaka neno alilolileta, na anagundua kwamba shaka yake haina kazi tena. Neno limezaliwa, linatembea kwa miguu yake, watu wanalijua kuliko anavyolijua yeye. Mwishoni anaambiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Tulifundishwa kuandika kwamba huo ni ushujaa, ukapata alama zako. Nikiisoma sasa naona mtu aliyepeleka ujumbe na akaja kuwa wa kwanza kushindwa kuurudisha.

Mizani ya hudihudi, bakshishi ya mzee wa Korintho, simu ya yule mshenga. Hakuna hata mmoja aliyekuwa gundi.

Tandiko

Wiki ya tatu nilifuta ule mstari. Kijana anafika, anatoa habari. Nikakaa na kitu kimoja tu nilichokuwa nimempa bila kufikiri: baiskeli.

Ya nani?

Swali la kijinga, lakini lilikuwa halijaulizwa. Wavuvi wa mashua za watu hawana baiskeli za kuchezea. Na nilipoliuliza jibu likawa lilikuwepo siku zote, limesimama mlangoni kwenye picha ya saa tano usiku. Baiskeli ni ya kaka yake Mwanaidi. Aliiacha pwani asubuhi alipopanda jahazi, akamwambia kijana, nitunzie mpaka nirudi. Tandiko lake lina kitambaa cha vipande vipande, kijani na kahawia, alichokishona Mwanaidi mwenyewe, kwa hiyo Mwanaidi ataliona tandiko kabla kijana hajafungua mdomo. Atajua. Na kijana naye anajua kwamba atajua, maana kila siku kaka alikuwa anajisifia kitambaa hicho.

Kwa hiyo kijana ana njia ya kutoka pwani mpaka kwenye ua ule, na mtu mmoja aliye hai bado mikononi mwake.

Nina shaka moja ambayo haijaniacha. Huenda nikishampa kijana mzigo wote huu atamfunika Mwanaidi. Msomaji anaweza kumaliza ukurasa wa tatu akitaka kujua yeye ataendaje nyumbani, na sina kurasa za kumjibu. Mchoraji anadhani si tatizo. Mimi nadhani ni tatizo, na nimeamua kulibeba.

Jana nilimtumia maelezo mapya. Mazungumzo yatabaki yale yale, hodi, karibu, habari za pwani, salama, ila. Nimeongeza ukurasa mmoja kabla, usio na neno lolote. Njia ya mchanga, minazi, nyumba inaonekana kwa mbali na moshi wa jiko. Kijana ameshuka kwenye baiskeli na anaikokota.

Simu ikaita saa ile ile, saa tano usiku.

"Kaka, hapa amepata pancha?"

"Hapana."

"Sasa mbona anaikokota?"

Nilianza kumwandikia habari ya barabara ya 9 na gololi. Nikaandika mistari sita. Nikaifuta.

"Tairi lina upepo," nikamjibu. "Lichore lionekane kabisa lina upepo."

Ikapita dakika nzima, nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Sawa. Ila ukurasa wa ziada utaulipia."